Mayai ya Ziada na Haki ya Jirani

Wasomaji wetu wengi hufuga kuku uani, na katika baadhi ya nyumba hizo mayai huzidi mahitaji ya jikoni. Ziada hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza mwezi huu. Mnunuzi wa sokoni ukikosana naye huenda usimwone tena. Jirani utamwona kila asubuhi.

Tuanze na bei. Wengi hufuata bei ya dukani, au hupunguza kwa kuona haya, pasi na kujua yai moja limewagharimu kiasi gani. Hesabu yake si ngumu. Kuku wa mayai hula kiasi cha gramu 120 za chakula kwa siku. Basi kuku 10 hula kilo 36 kwa siku 30. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kilo moja ni shilingi 1,200: jumla ni shilingi 43,200. Iwapo kuku hao hutaga mayai 7 kwa siku, mwezi utatoa mayai 210, na kila yai litakuwa limekula shilingi 206 za chakula peke yake. Bado chanjo ya mdondo, maranda, na fedha ya vifaranga watakaoshika nafasi ya kuku waliozeeka. Basi auzaye yai hilo kwa shilingi 200 hafanyi biashara. Anatoa sadaka bila ya kutia nia.

Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula gharama yake ni ndogo, lakini naye hutaga mayai kumi na kitu tu, kisha huatamia siku 21 na kulea vifaranga. Mayai yake yakiuzwa kwa bei ya juu kidogo si dhuluma, maadamu mnunuzi ameambiwa kweli.

Na kweli ndiyo shina la jambo hili. Yai jipya likitiwa majini hulala chini. Lililokaa siku nyingi husimama. Lielealo lisiuzwe, kwani hewa imekwisha kujaa ndani yake. Sura ya 83 ya Qurani Tukufu inaanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Na Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta umaji chini yake, alimkemea mwenye mali kwa kuuficha. Kikapu chenye mayai makubwa juu na madogo chini kina tofauti gani na chungu ile? Mtoto aliyetumwa naye apewe mayai yale yale ambayo angepewa mama yake angalikuja mwenyewe.

Deni nalo liandikwe, hata likiwa la mayai manne. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara inatuamuru tusichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Daftari halimvunjii jirani heshima. Linalovunja heshima ni kubishana baada ya miezi miwili. Ukitaka kumpa zawadi, mpe zawadi waziwazi, wala usiichanganye na hesabu ya deni.

Liko jambo jingine ambalo huleta uchungu majumbani. Mara nyingi kuku ni wa mke, aliowanunua kwa fedha zake, na mume huona fedha ya mayai ni yake kwa kuwa nyumba ni yake. Sheria haisemi hivyo. Alichokichuma mwanamke ni mali yake, na mume hana ruhusa ya kukichukua ila kwa ridhaa yake. Kama chakula cha kuku hununuliwa kwa fedha ya mume, wakubaliane mapema: ni zawadi, ni mkopo, au ni ushirika? Maneno machache kabla ya trei ya kwanza kuuzwa huzuia magomvi mengi baadaye.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki ndogo na kubwa, na atujaalie majirani wasiotujutia. Amin.