Daktari Mgeni na Vibali Vyake: Mambo ya Kufahamu Mkoani Katavi

Miaka kadhaa iliyopita, bingwa wa mifupa kutoka ng'ambo alifika mkoani Katavi kujitolea. Wodini alikuwapo kijana aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda. Mgeni alikuwa na ujuzi wa kutosha, lakini viza yake ilikuwa ya matembezi na jina lake halikuwa katika rejesta ya madaktari nchini. Hakumgusa mgonjwa. Kijana akasafirishwa hadi Mbeya kupitia Sumbawanga, mguu ukiwa umefungwa vibao. Ndugu zake waliuliza: je, karatasi ina thamani kuliko mguu?

Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba kila karatasi hulinda jambo lake.

Ya kwanza ni usajili wa kitaaluma. Baraza la Madaktari Tanganyika huhakiki vyeti vya daktari, na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania huhakiki vya muuguzi na mkunga. Hapa ndipo mgonjwa hulindwa dhidi ya tapeli.

Ya pili ni kibali cha kazi, kitolewacho na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 inayoratibu ajira za wageni. Wataalamu wa afya wamewekwa daraja B, pamoja na walimu wa sayansi na hisabati. Kibali hudumu miezi 24, nacho huweza kuhuishwa, ingawa si bila ukomo. Mwajiri hutakiwa kuwa na mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeshika nafasi hiyo. Takwa hili lisichukuliwe kuwa uadui: mgeni akiondoka bila kumfundisha mtu, wodi hurudi pale ilipokuwa.

Ya tatu ni kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji. Mwajiriwa hupewa daraja B. Mmisionari, mtafiti na mtu wa kujitolea hupewa daraja C. Kukosa mshahara hakumfanyi mtu kuwa mtalii. Wala uraia wa nchi nyingine ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haufuti takwa la kibali.

Katavi ina jambo lake la pekee. Katika makazi ya Katumba na Mishamo wanaishi familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972, na watu zaidi ya 160,000 wa kundi hilo nchini walipewa uraia wa Tanzania. Muuguzi aliyetoka katika familia hizo, akiwa na cheti cha uraia, ni Mtanzania kamili. Kumdai kibali cha kazi kwa sababu ya jina au lafudhi yake ni kumwonea.

Kwa waganga wafawidhi: anzeni maombi kabla mgeni hajakata tiketi, na anzeni na usajili, kwa kuwa mengine huutegemea. Kwa mgonjwa: una haki ya kuuliza jina la anayekutibu na iwapo amesajiliwa. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Yule kijana angeweza kutibiwa Mpanda. Ujuzi ulikuwapo kitandani pake. Kilichokosekana ni maandalizi yaliyopaswa kufanywa miezi kadhaa kabla ya ajali yake.