Je, Wajua? Meli ya Mwaloni Haitengenezwi kwa Mwaloni

HMS Victory, manowari ya Uingereza iliyoshushwa majini mwaka 1765, ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa mti wa mwaloni. Fundi anayetaka kuiunda upya kwa udogo, kipande baada ya kipande, kwa kawaida huuweka mwaloni kando kabla hajashika msumeno.

Tatizo ni vitundu vya mti wenyewe. Skeli inayopendwa sana na mafundi hawa ni 1:48. Kwa skeli hiyo sitaha ya mizinga ya Victory, yenye urefu wa mita 56 na ushei, inabaki kama mita 1.18, na baharia wa kimo cha kawaida anakuwa na sentimita tatu na nusu. Lakini ubao haupungui pamoja na mchoro. Kitundu cha mwaloni chenye theluthi moja ya milimita kinakuwa, mbele ya baharia huyo, shimo la kuingiza kidole. Ndiyo maana mafundi hukimbilia mpeasi, au mti mdogo wa Ulaya uitwao Buxus, ambao hukua polepole mno na nyuzi zake zimebanana hata hazionekani.

Ufundi huu una umri. Tangu katikati ya karne ya 17, Waingereza walitengeneza mifano ya manowari kwa skeli hiyohiyo, na mara nyingi sehemu ya chini iliachwa bila kufunikwa mbao ili mkuku na mataruma yaonekane. Samuel Pepys, karani wa jeshi la majini, alifundishwa na baharia mmoja mwaka 1662 jedwali la kuzidisha, kisha viungo vya meli kwa kutumia mfano. Karani wa jeshi zima la majini hajui kuzidisha! Leo mifano mingi ya aina hiyo imehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Bahari ya Greenwich, London, na mingine iko Annapolis, Marekani.

Kazi yenyewe ni ya ukaidi. Meli halisi ilifungwa kwa vigingi vya mbao. Kwenye mfano kila kigingi kina unene usiofika milimita moja, na vinahitajika maelfu. Fundi hupasua mianzi kuwa vijiti, kisha huvivuta kwenye bamba la chuma lenye matundu, kutoka tundu kubwa hadi dogo, mpaka kijiti kiwe chembamba kama sindano. Mafundi wa majahazi wa Lamu na Zanzibar hukalafati kwa kugongea pamba yenye mafuta kati ya mbao. Kwenye mfano, mstari ule wa kalafati ni ukingo wa karatasi nyeusi uliobanwa kati ya ubao na ubao. Kamba nazo husokotwa na fundi mwenyewe kwa kimashine cha mkono, kwa sababu uzi wa dukani una manyoya na msokoto usiofanana na wa kamba ya meli.

Tanga ndilo humshinda. Urefu ukigawanywa kwa 48, uzito hugawanywa kwa 48 mara tatu, yaani 110,592. Victory yenye tani kama 3,500 ingekuwa na kilo 32 hivi. Kitambaa nacho, hata kiwe chembamba vipi, ni kinene na kigumu kupita kiasi kwa skeli hiyo, na uzito wake hautoshi kukilaza. Hukaa kama shati lililotiwa wanga. Ndiyo maana mifano mingi mizuri huonyesha milingoti na foromali tupu. Mimi naona ni uamuzi wa busara.

Adui mwingine hujitokeza baada ya miaka. Zamani nanga na mizinga midogo iliundwa kwa madini ya risasi, maana huyeyuka upesi. Mbao na baadhi ya gundi hutoa mvuke wenye asidi ya siki. Ndani ya sanduku la kioo lisilopitisha hewa, mvuke huo huila risasi taratibu na kuigeuza kaboneti, unga mweupe unaopukutika. Wanaojua siku hizi hutumia shaba nyeupe au shaba nyekundu, na huacha tundu la hewa kwenye sanduku.

Kwa hiyo ukikuta meli ya zamani ndani ya kioo, na nanga zake zimeota unga mweupe, usiupulize wala usiuguse kwa mkono mtupu. Ni sumu.