Kocha mkuu akikalia kuti kavu, wasaidizi wake wako juu pamoja naye

Kila mwanzo wa Aprili, jiji linaloandaa nusu fainali na fainali ya mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani huwa na mashindano mawili. Ya kwanza ni ya uwanjani, na televisheni huyaonyesha. Ya pili hufanyika kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli, ambako chama cha makocha, NABC, kilichoanzishwa mwaka 1927, huwa na mkutano wake wa mwaka. Wanaume wamesimama makundi makundi, simu mkononi, jicho moja kwa wanayezungumza naye na jingine mlangoni. Wengi wamevaa fulana za kola zenye nembo za vyuo. Wachache hawana nembo yoyote, kwa sababu chuo kilichokuwa kikiwalipa kimewaachisha kazi wiki mbili zilizopita. Hao ni makocha wasaidizi, na wamekuja kutafuta mkate.

Mara nyingi hawakufanya kosa lolote. Katika biashara hii, kocha mkuu akifungashiwa virago, benchi zima la ufundi huondoka naye, na mrithi wake huja na watu wake. Kinachowatofautisha na mkuu wao ni kinachobaki mfukoni. Chuo Kikuu cha Indiana kilipomwondoa Archie Miller mwaka 2021, fidia ya kuvunja mkataba wake ilipita dola milioni 10. Msaidizi kwa kawaida husaini mkataba wa mwaka mmoja au miwili, na fidia yake ni miezi iliyobaki tu. Mtoto anahamishwa shule, nyumba inauzwa, safari inaanza upya.

Hata hivyo wanaoitaka kazi hii hawapungui. Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, lina timu za wanaume zaidi ya 350. Tangu Julai 2023 kila timu inaruhusiwa makocha wasaidizi 5 badala ya 3, ingawa wawili walioongezwa hawaruhusiwi kutoka nje ya chuo kusaka wachezaji. Kwa hesabu hiyo, viti vya wasaidizi vinavyoruhusiwa kwa upande wa wanaume pekee vinapita 1,700, na viti vya ukocha mkuu ni hiyo 350 na ushei. Fedha zinazoendesha mashine hii ni nyingi: mwaka 2010 kampuni za televisheni za CBS na Turner zililipia haki za kuonyesha mashindano ya Machi, yale yanayoishia kwenye fainali ya Aprili, dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, na mwaka 2016 zikaongeza dola bilioni 8.8 ili mkataba ufike 2032.

Kazi yenyewe ina sura mbili. Ya kwanza ni ya chumbani, mbele ya skrini. Wasaidizi hugawana wapinzani wa msimu, kila mmoja akibeba mechi zake. Mwenye zamu huangalia video za mpinzani mpaka usiku wa manane, akihesabu ni mara ngapi mlinzi wao hupenya kulia na ni mchezo gani wanauita wakitoka mapumziko. Siku ya mechi ndiye anayesimama pembeni na kupaza sauti kabla mpinzani hajamaliza kujipanga, kwa sababu ishara zake amezikariri. Mashindano ya Machi ndiyo kipimo kikali zaidi. Timu ikishinda Alhamisi inacheza tena Jumamosi, na ripoti ya mpinzani huyo lazima iwe tayari kabla wachezaji hawajalala usingizi wa kwanza.

Sura ya pili ni ya barabarani, na ndiyo inayompa mtu thamani sokoni. Julai, katika mji mdogo wa North Augusta, South Carolina, vijana bora wa sekondari hukutanishwa kwenye mashindano ya Peach Jam. Kando ya uwanja kuna viti vya makocha wa vyuo, vimejaa. Sheria inawazuia kuzungumza na mchezaji anayeshindana. Basi msaidizi anaketi mahali ambapo kijana akigeuka atauona uso wake, mechi hii, na inayofuata, na ya kesho asubuhi. Hasemi neno. Amesafiri mamia ya maili ili aonekane tu, maana kijana anakumbuka nani alikuja na nani hakuja.

Kwa miaka mingi malipo ya jasho hilo yalikuwa kiduchu. Mwaka 1978 Roy Williams aliacha kufundisha sekondari akawa msaidizi wa kocha mkuu Dean Smith pale Chuo Kikuu cha North Carolina, kwa dola 2,700 kwa mwaka. Ili familia ipate kula, alikuwa akiendesha gari Jumapili kupeleka kanda za kipindi cha televisheni cha Smith kwenye vituo vya mbali, na majira ya joto akiuza kalenda za timu kwa wenye biashara, mlango kwa mlango. Alivumilia miaka 10 kabla Kansas haijampa timu, na baadaye akarudi North Carolina na kutwaa ubingwa mwaka 2005, 2009 na 2017.

Habari ya Williams husimuliwa kama sifa ya uvumilivu. Mimi naisoma pia kama habari ya mishahara iliyobanwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 NCAA ilipitisha kanuni kwamba mmoja wa wasaidizi wa kila timu asilipwe zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka: 12,000 za msimu wa masomo na 4,000 za kiangazi. Vyuo vilivyokuwa vikishindana kila siku vilikubaliana bei ya mfanyakazi. Makocha walikwenda mahakamani wakiongozwa na Norman Law, wakashinda kwa sheria ya ushindani huru, na mwaka 1999 NCAA ikakubali kuwalipa jumla ya dola milioni 54.5. Tangu hapo soko limefunguka, na leo katika vyuo vikubwa kabisa wapo wasaidizi wanaopata zaidi ya dola nusu milioni kwa mwaka.

Lakini ngazi ya chini bado ina mlango mwembamba. Brad Stevens aliacha kazi ya mshahara katika kampuni ya dawa ya Eli Lilly mwaka 2000 ili ajitolee kwenye timu ya Chuo Kikuu cha Butler. Miaka 7 baadaye alikuwa kocha mkuu, na akaifikisha Butler fainali mbili mfululizo, 2010 na 2011. Ni hadithi nzuri, na mwenye akiba au ndugu wa kumshika mkono anaweza kuijaribu. Asiye navyo hawezi, hata awe na jicho kali kuliko la Stevens. Sekta yenye mabilioni haina sababu ya kuendelea kuanzia watu wake kwenye kujitolea.

Wapo waliokaa wakafaulu. Bill Guthridge alimsaidia Smith kwa miaka 30, akakabidhiwa timu akiwa na umri wa miaka 60, na akaifikisha nusu fainali mara mbili katika misimu 3. Tommy Lloyd alikaa Gonzaga miaka 20 akifungua njia ya wachezaji wa kigeni. Msimu wake wa kwanza kama kocha mkuu wa Arizona alishinda mechi 33. Kwa wanawake, Chris Dailey yuko na kocha mkuu Geno Auriemma pale Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, tangu 1985, na mataji yao yamefika 12.

Wapo pia walioangukia shimoni. Septemba 2017 FBI iliwakamata wasaidizi wanne, wa Auburn, Oklahoma State, Arizona na USC, kwa kupokea hongo ili wawaelekeze wachezaji kwa mawakala na washauri wa fedha. Wote walikiri makosa, na wawili walihukumiwa miezi mitatu jela. Kosa ni kosa. Ila hakuna kocha mkuu hata mmoja aliyefikishwa kizimbani katika kesi hizo, na wasaidizi hao wanne walikuwa watu weusi, katika fani ambayo watu weusi wamekuwa wengi zaidi kwenye viti vya wasaidizi kuliko kwenye kiti cha mkuu.

Malipo kwa wachezaji, yaliyokuwa yakifanyika gizani, sasa yana mkataba. Tangu Julai 2021 mwanamichezo wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura yake, na kwa msimu wa 2025-26 chuo chenyewe kiliruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5. Wachezaji huhama kila Aprili kama kwenye dirisha la usajili. Msaidizi aliyetumia miaka miwili kujenga uhusiano na familia anaweza kupitwa kwa simu moja yenye tarakimu kubwa, na vyuo vingi vimeajiri mameneja wakuu wa kushughulikia hesabu hizo.

Mambo haya yanatuhusu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipitia UConn kabla ya kuchaguliwa namba 2 NBA mwaka 2009. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alikuwa mchezaji bora wa vyuo mwaka 2022 akiwa Kentucky. Khaman Maluach, aliyekulia Kawempe, Kampala, aliichezea Duke msimu mmoja na mwaka 2025 akachaguliwa namba 10. Safari za aina hiyo kwa kawaida huanza na msaidizi anayepiga simu, anayemwita mama wa kijana "mama" na kuahidi kumlea mwanawe.

Mzazi, mpokee kwa heshima, maana huenda anamaanisha kila neno. Kisha muulize mambo mawili: mkataba wako unaisha lini, na wa kocha mkuu wako unaisha lini? Ahadi yoyote ya masomo, matibabu na fedha iandikwe kwa jina la chuo, isiachwe kwenye simu ya mtu ambaye Aprili ijayo anaweza kuwa amesimama kwenye ukumbi wa hoteli akitafuta kazi.