Maji ya Mlima Meru na Hesabu Zinazokaguliwa na Wengi

Katika vijiji vingi vilivyouzunguka Mlima Meru, tabasamu la mtu huweza kueleza mahali alikokulia. Meno yenye madoa ya kahawia ni kumbukumbu ya maji aliyoyanywa tangu utotoni. Mlima huo, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ni wa volkano, na miamba yake huachia madini ya floraidi katika chemchemi, mito na visima. Kiasi kidogo cha floraidi huyaimarisha meno. Kikizidi, huyaharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi. Na mtu akiendelea kuyanywa maji hayo kwa miaka mingi, viungo hukakamaa na mifupa huweza kupinda.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba maji ya kunywa yasiwe na floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa vyanzo vingi vya ukanda huu visingeweza kufikia kiwango cha chini ya hapo. Baadaye kiwango cha taifa kilishushwa hadi 1.5. Maji hupimwa, vinywa vya watoto huchunguzwa, na mbinu za kuichuja floraidi, ikiwemo ya kutumia mkaa wa mifupa, hutafitiwa katika kituo cha Ngurdoto na katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru.

Hata hivyo, kati ya chupa ya maji iliyopelekwa maabara na uamuzi wa kufunga au kufungua bomba la kijiji, ipo kazi moja ambayo mwananchi haioni, nayo ni hesabu. Nani anazifanya? Akikosea, nani atalibaini kosa lake? Makala haya yanaeleza jinsi jumuiya ya watumiaji wa programu ya takwimu iitwayo R inavyojaribu kulijibu swali hilo la pili, na nafasi ya mhudumu wa afya wa Arusha ndani ya jumuiya hiyo.

Namba moja inapoficha nyingine

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini kila aliyewahi kushughulikia takwimu za maji atautambua. Kijiji kina chemchemi tano. Vipimo vya floraidi ni miligramu 0.8, 1.1, 1.2, 1.4 na 15.5 kwa lita. Jumla yake ni 20, na wastani ni miligramu 4 kwa lita. Anayeusoma wastani peke yake ataamini kwamba kijiji kizima kinakunywa maji mabaya. Mwingine atazipanga namba kwa ukubwa na kuchukua ile ya katikati, yaani 1.2, kisha atangaze kwamba kijiji kiko salama. Wote wawili wamehesabu sawasawa, na wote wawili wamepotosha. Ukweli ni kwamba chemchemi nne zinafaa na moja ni ya hatari. Kinachotakiwa ni kujua ni ipi na ni kaya zipi zinazochota hapo.

Makosa mengine ni ya kimyakimya zaidi. Katika madodoso mengi, umri usiojulikana huandikwa 99. Wakiwepo wagonjwa tisa wenye umri wa miaka 30 kila mmoja, na wa kumi ambaye umri wake haukujulikana, kompyuta isiyoelekezwa itaihesabu 99 kama umri halisi, na wastani utapanda kutoka miaka 30 hadi 36.9. Hakuna taa nyekundu itakayowaka wala ujumbe wa kosa utakaotokea. Ripoti itatoka ikiwa safi na yenye mvuto, na itakuwa si sahihi.

Makosa yaliyomfikia mgonjwa

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo yaliyodai kwamba chembe za urithi za uvimbe zinaweza kutabiri ni dawa ipi ya saratani itakayomfaa mgonjwa yupi. Mwaka uliofuata majaribio ya tiba yalianza, na wagonjwa walipangiwa dawa kwa kutumia mbinu hiyo. Watakwimu wawili wa kituo cha saratani cha MD Anderson huko Texas, Keith Baggerly na Kevin Coombes, walijaribu kuzirudia hesabu hizo bila kufanikiwa. Walipochimba zaidi waligundua kwamba katika orodha za chembe za urithi majina yalikuwa yamesogea kwa mstari mmoja, na kwamba mahali pengine lebo za uvimbe unaosikia dawa na ule usiosikia zilikuwa zimebadilishana. Mwaka 2009 walichapisha uchunguzi wao pamoja na hatua zote za hesabu ili kila mtu aweze kuzipitia. Majaribio yalisitishwa moja kwa moja mwaka 2010, na makala ya awali yakaondolewa mwaka 2011. Zaidi ya wagonjwa 100 walikuwa wameshashirikishwa.

Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, karibu wagonjwa 16,000 walikosekana kwa siku kadhaa katika ripoti za Uingereza. Majibu ya maabara yalikuwa yakihamishwa kwa faili la Excel la aina ya zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje bila taarifa yoyote, na watu waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa.

Matukio hayo mawili yana fundisho moja. Mtu anapofanya hesabu kwa kubofya, kukokota na kufuta katika jedwali, njia aliyopita mara nyingi haiachi alama. Ni kama mgonjwa aliyehamishwa kutoka zahanati hadi hospitali ya mkoa bila barua ya rufaa: anayempokea haoni dawa alizopewa wala sababu ya kupewa. Katika R, kinyume chake, kila hatua huandikwa kama amri, mstari kwa mstari: soma faili hili, hesabu 99 kuwa ni umri usiojulikana, tenganisha chemchemi moja moja, chora mchoro. Maandishi hayo hubaki, na mwenzako anaweza kuyaendesha upya mwakani na kupata jibu lilelile, au kuonyesha mahali lilipo kosa.

Programu isiyo na mmiliki mmoja

R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa ajili ya kufundishia wanafunzi wa takwimu. Jina lake limetokana na herufi ya kwanza ya majina yao, na pia ni mzaha juu ya lugha iliyoitangulia, iliyoitwa S. Mwaka 1995 waliitoa kwa leseni huria: kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuifungua aone ilivyoundwa, kuirekebisha na kuigawa bila malipo. Toleo la 1.0.0 lilitolewa tarehe 29 Februari 2000. Leo zana za ziada zilizotungwa na watumiaji wenyewe, ambazo huitwa vifurushi, zimezidi 20,000 katika hazina yake kuu. Vipo vya kufuatilia milipuko ya magonjwa, vya kuchora ramani, na vya kuchambua uhai wa wagonjwa baada ya tiba.

Kwa mwanafunzi wa uzamili au mtakwimu wa halmashauri, kutolipa leseni ni nafuu kubwa, kwa sababu ada za programu nyingine za takwimu huzidi uwezo wa wengi. Lakini bei siyo sababu kuu. Amri mbaya iliyoandikwa kwa unadhifu inabaki kuwa amri mbaya, na R haimzuii mtu kuhesabu upuuzi. Kinachopunguza makosa ni macho ya wengine. Jumuiya ya R ni watu wanaoonyeshana kazi, wanaoulizana, na wanaokubali kusahihishwa hadharani.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Kenya ilipotoa matokeo ya sensa ya mwaka 2019, majedwali yalichapishwa katika vitabu vya kielektroniki ambavyo ni rahisi kusomwa na jicho lakini vigumu kuchambuliwa na kompyuta. Mtakwimu Shelmith Kariuki aliyatoa majedwali hayo, akayapanga upya na kuyatoa bure kama kifurushi cha R kiitwacho rKenyaCensus. Kazi ambayo kila mtafiti angeirudia peke yake ilifanywa mara moja kwa ajili ya wote. Kariuki ni miongoni mwa waanzilishi wa AfricaR, mtandao unaoviunganisha vikundi vya watumiaji wa R barani. Pia upo mtandao wa R-Ladies, ulioanzia San Francisco mwaka 2012 kwa lengo la kuongeza ushiriki wa wanawake, ambao una kikundi Nairobi, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka Arusha.

Kuuliza bila kumvua mgonjwa nguo

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini katika jumuiya hii kuuliza vizuri ni stadi ya kujifunza. Swali linalosema tu kwamba programu imegoma halisaidiki. Swali zuri lina mambo manne: kilichokusudiwa, amri zilizoandikwa, jibu lililotoka, na data kidogo inayotosha kulionyesha tatizo. Mara nyingi muulizaji hupata jibu mwenyewe anapoandaa mfano huo mdogo, kwa kuwa analazimika kulitenga tatizo na mengine yote, kama daktari anavyoondoa maradhi moja moja kabla ya kufikia utambuzi.

Jambo la nne ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa. Data ya mfano isiwe ya wagonjwa halisi kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Tena, kufuta jina hakutoshi. Mwanamke wa miaka 83, wa kitongoji kidogo cha Leguruki, mwenye ugonjwa usio wa kawaida, atatambuliwa na jirani yeyote hata kama jina lake halikuandikwa. Njia salama ni kubuni wagonjwa kumi wa uongo wenye tatizo lilelile la hesabu. R yenyewe inaweza kuzizalisha data hizo kwa mistari michache. Maandishi ya amri yanaweza kusambazwa duniani kote, ilhali rejista inabaki kabatini, au ndani ya kompyuta yenye nywila.

Mahali pa kuanzia

Mhudumu wa afya hahitaji kuwa mtakwimu ili ashiriki. Vitabu vya MTUHA anavyovijaza kila siku ndio mwanzo wa takwimu zote za nchi, na yeye anajua mambo ambayo mtaalamu wa kompyuta hayajui: kwa nini mahudhurio ya kliniki hupungua msimu wa kilimo, au kwa nini wagonjwa wa kata fulani huandikwa katika kituo cha kata jirani. Akikaa na mwanafunzi wa takwimu, kila mmoja humsahihisha mwenzake.

Kikundi hakihitaji ukumbi wala bajeti kubwa. Watu watano wa hospitali moja, kompyuta mbili, na saa moja kila baada ya wiki mbili zinatosha. Mmoja alete swali la kweli kutoka kazini kwake, kwa data ya kubuni. Wengine wazisome amri zake kwa sauti na kueleza kwa Kiswahili kila mstari unafanya nini. Mstari usioelezeka huenda ndio wenye kosa. Maelezo hayo ya Kiswahili ni mchango wenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya miongozo ya R imeandikwa kwa Kiingereza, na wengi huishia njiani kwa sababu ya lugha kabla hawajafika kwenye hesabu. Anayeona kosa katika kifurushi na kuwataarifu watunzaji wake naye amechangia, hata kama hajui kulirekebisha.

Mgonjwa na mwananchi nao wana sehemu yao. Matokeo ya utafiti yanapoletwa kijijini, wana haki ya kuuliza: Ni maji ya chanzo kipi yaliyopimwa? Yalipimwa mara ngapi, na katika msimu gani? Namba iliyotangazwa ni ya kijiji kizima au ya bomba letu? Hesabu hizo zimepitiwa na mtu mwingine asiyekuwa mhusika? Mtafiti aliyeandika hatua zake hatapata taabu kujibu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ya wafanyabiashara inaihusu afya pia. Mama wa Ngarenanyuki anayejaza ndoo asubuhi hawezi kuiona floraidi, kwani haina rangi wala harufu ndani ya maji. Anategemea kwamba aliyepima alipima vizuri, aliyehesabu alihesabu vizuri, na kwamba palikuwa na mtu wa tatu aliyeipitia kazi hiyo kabla ya bomba kufunguliwa. Meno ya kudumu ya mwanawe hujengeka katika miaka ya mwanzo ya maisha, na yakishaharibika hayajengeki upya.