Filimbi ikisha kulia, nani anauliza habari za mchezaji?



Kila siku ya yenga asubuhi, kwenye viwanja vya komini zetu, maveterani wanavaa jezi na kukimbilia mpira. Watoto wanacheka matumbo yao na magoti yao. Juma hili tuongee juu ya afya ya wazee hao, na juu ya mwandishi wa habari za michezo anayerudi kuwauliza hali wakati uwanja umekwisha kunyamaza.

Tumkumbuke Mwepu Ilunga, beki wa TP Mazembe yetu. Mwaka wa 1974 Zaire ilicheza Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi. Scotland ilitufunga 2-0, Yugoslavia 9-0, Brazili 3-0. Katika mchezo wa Brazili, Wabrazili walipokuwa wanajitayarisha kupiga mpira wa adhabu, Mwepu alitoka mbio akaupiga mbali. Miaka mingi watangazaji wa Ulaya walimcheka, ati hakujua sheria. Halafu waandishi wakaenda kumuuliza yeye mwenyewe. Aliwaeleza kwamba sheria alizijua vizuri: wachezaji hawakulipwa pesa zao, na walikuwa wametishwa na watu wa serikali. Swali moja tu, na kicheko kikageuka huzuni. Mwepu alifariki Mei 2015, baada ya kuugua muda mrefu.

Mwenzake Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la 1974; mpaka leo hakuna aliyefikisha hesabu hiyo katika mashindano moja. Mwaka wa 1994 alivamiwa nyumbani kwake na watu wenye silaha, akapigwa risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini. Mwaka wa 1998, kwenye Kombe la Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kwa ajili ya kifo chake. Kumbe alikuwa hai! Habari iliaminiwa bila kuhakikishwa. Alifariki Johannesburg Januari 2019.

Sisi walimu tuliwapa watoto kazi: kila mmoja aende kwa mchezaji mzee wa mtaa wake, amuulize maisha yake, aandike kwenye daftari. Mtoto mmoja alirudi na habari ya babu yake mwenyewe: goti linamuuma tangu miaka, hajamwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Basi wamama, tuulize. Baba anayecheza siku ya yenga, presha na sukari alipima lini? Akisikia maumivu ya kifua, asimame mara moja, aende hospitali. Kichwa nacho si cha kuchezea: mwaka wa 2019 wanganga wa Chuo Kikuu cha Glasgow walionyesha kwamba kati ya wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland, vifo vya magonjwa ya ubongo vilikuwa mara tatu na nusu kuliko kwa watu wengine. Mtoto akigongwa kichwa, atoke uwanjani siku ile, hata kama anasema yuko sawa.

Na ekipi ikija kumtafuta kijana wako, kabla ya kutia sahihi uliza: akivunjika mguu, nani atalipa hospitali? Masomo yake yataendelea namna gani? Jibu liandikwe kwenye karatasi, na nakala moja ibaki kwako nyumbani.