Je, Wajua? Star Wars: Kila Kizazi na Filamu Yake

Je, wajua kwamba Star Wars ilipotoka nchini Marekani tarehe 25 Mei 1977, ilianza katika kumbi zisizofika 50? Wenye kumbi wengi hawakuitaka, na hata studio ya 20th Century Fox haikuitegemea sana. Ilitengenezwa kwa dola zipatazo milioni 11. Kabla mwaka haujaisha, ilikuwa imeingiza fedha kuliko filamu yoyote iliyotangulia katika Amerika ya Kaskazini. Watoto waliopanga foleni wakati ule wakiwa na miaka minane au tisa sasa wanakaribia 60, na baadhi yao wameshaitazama pamoja na wajukuu.

Je, wajua kwamba Krismasi ya mwaka huohuo kuna watoto waliopewa zawadi isiyokuwa na kitu cha kuchezea ndani? Kampuni ya Kenner haikutarajia filamu ingevuma kiasi kile, na vidoli vyake havikuwa tayari. Ikaamua kuuza kadibodi yenye cheti: mtoto anakijaza, anakituma kwa posta, kisha mwaka unaofuata analetewa Luke, Leia, Chewbacca na R2-D2. Watoto wakasubiri. Miaka 42 baadaye mambo yakajirudia. Novemba 2019, kijitoto cha kijani chenye masikio marefu, Grogu, kilijitokeza katika tamthilia ya The Mandalorian na dunia nzima ikakitaka. Lakini mwandishi wake, Jon Favreau, alikuwa ameomba kisijulikane mapema, kwa hiyo wenye viwanda hawakuandaa midoli yake. Mzazi aliyesubiri posta mwaka 1978 akajikuta anamwambia mwanawe asubiri.

Na je, wajua ni nani aliyenufaika na midoli ya filamu ile ya kwanza? George Lucas mwenyewe, mwongozaji wake. Alikuwa amekubali ujira mdogo wa uongozaji ili abaki na haki za bidhaa na za filamu zitakazofuata. Mwaka 2012 aliiuzia Disney kampuni yake, Lucasfilm, kwa dola zaidi ya bilioni 4.

Siri kubwa ya The Empire Strikes Back ya mwaka 1980, kwamba Darth Vader ndiye baba yake Luke, ilifichwa hata kwa waigizaji. David Prowse, aliyevaa vazi la Vader, alipewa maneno mengine kabisa ya kutamka. Mark Hamill aliyeigiza Luke alinong'onezwa ukweli muda mfupi kabla ya kupiga picha. Sauti ya Vader, yaani ya James Earl Jones, iliingizwa baadaye. Leo mtoto huijua siri hiyo kabla hajaiona filamu: ameiona kwenye fulana, ameisikia kwenye katuni, wenzake shuleni wamemwambia. Mshtuko wa 1980 ni mali ya kizazi kimoja tu, na hauwezi kurithiwa.

Je, wajua kwamba ugomvi wa vizazi haukuanzia kwenye mitandao? Mwaka 1983, filamu ya Return of the Jedi ilileta Ewok, viumbe wafupi wenye manyoya. Vijana waliokuwa watoto mwaka 1977 walikunja uso wakasema filamu imefanywa ya kitoto. Wadogo zao waliwapenda mno, hata Ewok wakapata filamu mbili za televisheni na katuni yao wenyewe.

Sasa twende mwaka 1999, maana hapo ndipo penye jambo zito.

Baada ya miaka 16 ya kungoja filamu mpya, watu walilipa kiingilio cha Meet Joe Black mwishoni mwa 1998 ili waone tu trela ya The Phantom Menace, kisha wakatoka ukumbini. Wengine walipiga kambi nje ya kumbi kwa wiki kadhaa. Filamu ilipotoka, hasira ya wakubwa ilimwangukia mhusika mmoja: Jar Jar Binks. Aliyemwigiza ni Ahmed Best, kijana wa miaka 25, na kazi yake ilikuwa ya kihistoria, kwani Jar Jar ni miongoni mwa wahusika wakuu wa mwanzo kabisa kutengenezwa kwa kompyuta katika filamu ya watu halisi. Alitukanwa magazetini na kwenye intaneti miaka nenda rudi. Mwaka 2018 alieleza hadharani kwamba alifikia kutaka kujiua.

Je, wajua nini kilitokea baadaye? Aprili 2019, kwenye mkutano wa mashabiki mjini Chicago, Best alipanda jukwaani na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Baadhi ya waliosimama walikuwa watoto mwaka 1999. Kwao Jar Jar hakuwa aibu, alikuwa furaha ya utotoni. Mwaka 2023, katika The Mandalorian, Best ndiye aliyeigiza Jedi, shujaa wa upanga wa mwanga, anayemwokoa Grogu katika hekalu linaloteketea. Hayden Christensen, aliyesemwa vibaya kwa namna alivyoigiza Anakin, yaani Darth Vader wa ujanani, mwaka 2002 na 2005, naye alirudi mwaka 2022 na kupokewa kwa shangwe. Aprili 2025, Revenge of the Sith, filamu hiyo ya 2005, iliporudishwa kwenye kumbi kwa kutimiza miaka 20, iliingiza kama dola milioni 25 Marekani kwa wikiendi moja na kushika nafasi ya pili. Filamu iliyochekwa na wazee ilijaza kumbi kwa sababu waliokuwa wadogo walikua na kupata pesa ya tiketi.

Ungedhani mateso ya Best yalikuwa somo tosha. Lakini mwaka 2018, Kelly Marie Tran, aliyeigiza Rose katika The Last Jedi, alifuta picha zake zote Instagram kwa sababu ya matusi ya kibaguzi. Kuichukia filamu ni haki ya kila aliyelipa kiingilio. Kumwandama mwigizaji ni ukatili, na hakuna mapenzi ya filamu yanayouhalalisha.

Kuna jambo moja ambalo kizazi cha 1977 kina haki nalo kabisa. Je, wajua kwamba filamu waliyoiona wao haiuzwi tena ilivyokuwa? Mwaka 1997 Lucas alizirudisha filamu tatu za kwanza akiwa ameongeza viumbe vya kompyuta na kubadili matukio. Mashuhuri zaidi ni pale rubani Han Solo anapokabiliana na Greedo, mwindaji anayetaka kumkamata: mwanzo Han ndiye aliyefyatua risasi, toleo jipya likamfanya Greedo awe wa kwanza. Cha ajabu, mwaka 1988 Lucas huyohuyo alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kupinga kazi za filamu kubadilishwa baada ya kukamilika. Mashabiki wamekusanya mikanda ya zamani na kuisafisha picha moja baada ya nyingine ili wanao waone kile walichokiona wao. Juni 2025, taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilionyesha London mkanda halisi wa 1977, na tiketi zikagombaniwa.

Je, wajua kwamba Ahsoka Tano, anayependwa sana leo, alipokelewa kwa manung'uniko mwaka 2008 alipoingia kwenye katuni ya The Clone Wars? Watoto waliokua naye ndio waliopiga kelele katuni iliposimamishwa, ikarudi mwaka 2020. Mwaka 2023 akapata tamthilia yake mwenyewe.

Katika sensa ya mwaka 2001, watu 390,127 wa Uingereza na Wales waliandika kwamba dini yao ni Jedi, baada ya kampeni ya mzaha iliyozunguka kwa barua pepe. Sensa ya 2021 iliwakuta kama 1,600 tu. Mzaha wa kizazi kimoja haukurithiwa.

Je, wajua kwamba kundi la mashabiki liliingia ndani ya filamu yenyewe? Mwaka 1997 Albin Johnson wa South Carolina, aliyepoteza mguu katika ajali ya gari, alianzisha kundi la watu wanaovaa kama askari wa Dola, utawala mwovu wa filamu hizi, na kulipa jina 501st Legion. Lucasfilm ililichukua jina hilo, na katika Revenge of the Sith kikosi cha Vader kikaitwa hivyo. Kundi sasa lina wanachama zaidi ya 10,000 duniani na huchangisha fedha za hisani. Johnson alipofiwa na binti yake mdogo kwa saratani ya ubongo, mashabiki wenzake walimkumbuka mtoto kwa roboti ya rangi ya waridi, R2-KT. Roboti hiyo imeonekana katika The Force Awakens ya mwaka 2015.

Afrika nayo imo. Jangwa la Luke ni Tunisia, na jina la sayari yake, Tatooine, linatokana na mji wa Tataouine. Nyumba yake ilipokuwa inabomoka, mashabiki walichanga fedha na kuikarabati mwaka 2012.

Je, wajua kwamba mwaka 2013 Star Wars iliingizwa sauti za Kinavajo, lugha ya wenyeji wa kusini-magharibi mwa Marekani? Wazo lilikuwa la Manuelito Wheeler, mkuu wa makumbusho ya taifa la Wanavajo. Vijana wengi walikuwa wanaijua filamu lakini lugha inawapita. Wazee walikuwa na lugha lakini hawakuwa na la kuzungumza na vijana kuhusu sayari za mbali. Filamu ikawakalisha pamoja. Waigizaji wa sauti walitafutwa miongoni mwa Wanavajo wenyewe, na onyesho la kwanza lilifanyika Window Rock, Arizona, tarehe 3 Julai 2013. Katika miaka yote ya mfululizo huu, sijui tendo lililowaheshimu mashabiki kuliko hilo.

Lupita Nyong'o, Mkenya mwenye Oscar, ndiye Maz Kanata, yule mwenye miwani mikubwa anayemiliki baa katika The Force Awakens. Lakini hakuwa wa kwanza kuiingiza Kenya katika Star Wars. Mwaka 1983, Nien Nunb, rubani mwenye mashavu yaliyoning'inia anayekaa kando ya Lando Calrissian katika Return of the Jedi, aliongea kwa sauti ya Mkenya Kipsang Rotich. Jina lake halikutajwa mwishoni mwa filamu, ila mwaka 2015 alirudi kumtilia sauti Nien Nunb kwa mara nyingine. Na je, wajua lugha ngeni ya rubani yule ni ipi? Kikuyu. Ikiwa una nyanya anayekizungumza, mkalishe mbele ya televisheni, mfikishe kwenye vita vya mwisho, ongeza sauti, kisha mwombe akufasirie.