KOKI YA MAFUTA NA MKONO WA RUBANI

"Ajali haina kinga," ndivyo tunavyoambiana tunapotoka mazikoni. Neno hilo lina faraja yake, lakini sisi wafanyakazi wa mitambo tusilipokee upesi. Mara nyingi kinga ilikuwapo, ila ilifungwa mahali ambapo mkono haufiki. Hapa tunaeleza ajali ya ndege iliyotokea Marekani mwaka 1997, kwa sababu somo lake linamhusu kila fundi afungaye bomba, swichi au breki.

Nchini Marekani sheria humruhusu mtu kujiundia ndege kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha, mradi sehemu kubwa ya kazi waifanye waundaji wenyewe. Mwundaji hununua michoro, naye ana uhuru wa kuibadilisha. Ndege mojawapo ya namna hiyo ni Long-EZ, iliyobuniwa na Burt Rutan. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na injini yake iko nyuma, ikiisukuma ndege.

Petroli hukaa katika matangi mawili, moja kila upande, kwenye mashina ya mabawa. Kutoka huko hupita katika koki, chujio na pampu hadi kufika kwenye kabureta. Koki huchagua tangi la kushoto au la kulia, ama hufunga kabisa. Haina nafasi ya kufungulia yote mawili kwa pamoja. Tangi moja likikauka angani, rubani hana budi kuigeuza upesi, la sivyo injini itazima.

Katika michoro ya Rutan koki hiyo iko katikati ya miguu ya rubani. Mwundaji wa ndege tunayoieleza aliihamishia nyuma ya bega la kushoto. Nia yake ilikuwa njema: hakutaka petroli ipite ndani ya chumba cha rubani. Lakini kwa kukimbia hatari moja alileta nyingine.

Ndege hiyo ilinunuliwa baadaye na mwimbaji John Denver, rubani mwenye uzoefu wa miaka mingi, ila si katika ndege ya aina hiyo. Tarehe 12 Oktoba 1997, kwenye uwanja wa Monterey, California, yeye na fundi mmoja walizungumza juu ya koki hiyo. Walijaribu kuurefusha mpini wake kwa koleo la kubana, lakini bado haukufikika. Geji za mafuta zilikuwa nyuma ya kiti chake, wala hazikuwa na alama za vipimo. Fundi akampa kioo cha kutazamia. Denver hakuongeza mafuta, akasema ataruka kwa muda wa saa moja tu. Jioni hiyo ndege ilianguka baharini karibu na Pacific Grove, naye akafa.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza ndege ya aina hiyo. Ili kugeuza koki, rubani ilimbidi aachie usukani ulio upande wa kulia, afungue ukanda wa mabega, ageuze kiwiliwili kushoto, ndipo ashike mpini. Mtu akijipinda hivyo, mguu wa kulia hujikaza wenyewe kutafuta egemeo, na hapo hukanyaga pedali ya kulia. Ndege hupinda, na huweza kuanguka.

Bodi haikumwondolea rubani lawama: hakuweka mafuta ya kutosha, tena mawazo yake yalitoka kwenye kurusha ndege. Lakini haikuishia kwake. Ilitaja pia mahali pa koki, mpini usio na alama, geji zisizo na vipimo, na mafunzo haba. Ndugu wafanyakazi, hapo ndipo tunapopaswa kusimama. Mara ngapi tumesoma taarifa ya ajali yenye maneno mawili tu, "uzembe wake", na hakuna aliyeuliza swichi ilikuwa wapi?

Mafundi wa ndege hizi wanao utaratibu mzuri. Kabla ya kuruka mara ya kwanza, ndege huinuliwa pua kama inavyopanda, na mafuta yakapimwa yanavyotiririka: yenye pampu itoe asilimia 125 ya mahitaji ya juu kabisa ya injini, na isiyo na pampu asilimia 150. Sisi tungeongeza jaribio moja lisilo na gharama. Mtumiaji akae kitini, afunge mikanda, macho yake yatazame mbele, kisha aambiwe: funga mafuta. Mkono usipofika, kazi ya kufunga koki haijakwisha.

Nasi tulijaribu hilo kwenye mashine zetu, kabla mwenzetu hajalijaribu siku ya hatari.